Kabla ya Shuka na Wigi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapomwandikia Kichekesho Mwanamke wa Arusha

Masharti haya ni kwa mwandishi wa vichekesho, mwongozaji, mwigizaji, na yule kijana mwenye simu na stendi anayejiita kampuni. Yanahusu mhusika mmoja: mwanamke wa Arusha mjini na wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Kwa miaka mingi mama huyu anaingia kwenye televisheni kwa milango mitatu tu. Anaingia akiwa Mmasai wa shanga asiyejua hesabu. Anaingia akiwa Manka, Mchaga mwenye kupenda hela kuliko mume. Au anaingia akiwa beki tatu, ufagio mkononi, akisubiri kufokewa. Bara tulianza kupata televisheni mwaka 1994. Tangu hapo tumepita Kaole, Ze Comedy, Mizengwe na Futuhi, na sasa tuna klipu za dakika mbili. Milango bado ni ileile.

Najua utanijibu kwamba huu ni utani tu. Haya, tuanze na huo utani, maana una kanuni kali kuliko hizi zangu. Mpare anamtania Mchaga kwa sababu Mchaga atamjibu, tena mbele ya wageni. Mtani anakuja msibani, anazuia mazishi mpaka apewe chochote, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa siku ya msiba wake naye atafanyiwa hivyohivyo. Kinachofanya utani uvumilike ni zamu. Kwenye televisheni zamu haipo. Mchekeshaji yuko Dar es Salaam, anayechekwa yuko Nkoaranga, na maikrofoni haisafiri kurudi. Karibu kila sharti hapa chini ni njia ya kuirudisha hiyo zamu.

USIMFANYE KILA MWANAMKE WA ARUSHA KUWA MMASAI

Kosa hili ni la uvivu, wala halina udhuru. Upande wa mashariki na kusini-mashariki wa mlima, Akeri, Poli, Nkoaranga, Leguruki mpaka Ngarenanyuki, wako Wameru. Wenyewe hujiita Varwa, lugha yao ni ya Kibantu na ina undugu na Kichaga, na wamekulia kwenye migomba na kahawa. Upande wa Ilboru, Ngaramtoni na Oldonyosambu wako Waarusha. Hao wanazungumza Kimaa kama Wamasai, lakini kwa vizazi vingi wamekuwa wakulima wa miteremko. Wamasai wafugaji utawakuta Monduli, Longido, Ngorongoro na Simanjiro. Halafu kuna mji wenyewe. Kaloleni, Ngarenaro, Kijenge na Unga Limited, mama anaweza kuwa Mrangi, Mpare, Mwiraqw, Msomali au Mchaga wa Machame, na binti yake hana lugha nyingine isipokuwa Kiswahili cha Chuga, "arif" na "chalii" kila baada ya maneno matatu.

Kwa hiyo ukiniletea muswada wenye "Mama Mollel, Mmeru wa Tengeru", umejianika ukurasa wa kwanza. Mollel na Laizer ni koo za watu wa Kimaa. Kwa Wameru watafute akina Kaaya, Pallangyo, Nnko, Mbise, Nassari. Ukimvika mama wa Kimeru shuka jekundu na duara la shanga shingoni, umemvika nguo za jirani. Na hata akiwa Mmasai kweli, usiende dukani kununua rundo la shanga na kumtundika. Shanga zinasema kama huyu ni binti au mke wa mtu, na mama wa Monduli anazisoma kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Akishaona bibi harusi amevaa vya mama mwenye watoto wakubwa, ataendelea kucheka, lakini atakuwa anakucheka wewe.

Kama kabila la mhusika halifanyi kazi yoyote kwenye hadithi, lifute.

USIIACHIE LAFUDHI KAZI YAKO

Chukua mazungumzo yote ya mhusika wako, yaandike upya kwa Kiswahili cha kawaida, uyasome kwa sauti. Kama kicheko kimekufa, basi hakikuwepo. Umekuwa ukiishi kwa mgongo wa lugha ya mama ya mtu mwingine.

Kuna upuuzi mwingine ambao nimechoka kuuona: mama wa Kimasai yuko ndani ya boma lake, anazungumza na dada yake wa tumbo moja, na bado wanazungumza Kiswahili kilichovunjika. Kwa nini? Nani anawasikiliza? Waache wazungumze Kimaa, uweke tafsiri chini ya picha. Redio ya Orkonerei kule Terrat, Simanjiro, imerusha matangazo kwa Kimaa kwa miaka mingi, na wasikilizaji wake hawakuhitaji mtu wa mjini kuwaeleza lini wacheke. Ukiruhusu lugha ya nyumbani, unapata kichekesho ambacho hukuwa nacho. Bibi anamsalimia mkwe mpya aliyetoka Dar: "Takwenya!" Mkwe anajibu "Poa." Bibi anarudia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Mkwe anajaribu "Nzuri", anajaribu "Marahaba", anatazama pembeni kumtafuta mume. Jibu ni "Iko", neno moja, na hata binti mdogo wa mle ndani analijua. Hapo lugha inachekesha, na mwenye lugha ndiye ameshika usukani.

Sisemi lafudhi ni haramu. Anastazia Exavery alipojulikana kwa jina la Ebitoke mwaka 2017, alikuja na msichana wa kijijini mwenye lafudhi nzito, na hata jina lenyewe ni ndizi kwa Kihaya. Lakini msichana yule alikuwa na tamaa zake, anampenda nani, anamtaka vipi, na hakuwa na aibu hata kidogo. Watu walimfuata kwa sababu ya ujasiri ule. Ungemwondolea lafudhi, ungebaki na mtu.

MWANAUME AKIVAA GAUNI, AWE NA SABABU

Hapa ndipo wengi wananikasirikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vichekesho vya Tanzania vina deni kubwa kwa wanaume waliovaa kanga. Lucas Mhuvile, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Joti, amecheza bibi kizee na msichana mpaka watu wakasahau sura yake mwenyewe. Siwezi kumwita mwizi. Ukimtazama vizuri utaona amewatazama wanawake: namna bibi anavyokaa chini kwa awamu, namna anavyofunga fundo la kanga lenye hela kabla ya kuanza ugomvi. Hiyo ni kazi ya macho. Tatizo langu ni kizazi kilichoiga kanga kikaacha macho. Sasa kila kundi la vijana wanne lina mmoja wa kuvaa wigi na kujaza maboksi kifuani. Anatembea kwa kujipinda, anapiga kelele, anapigwa kofi, klipu inaisha.

Jambo hili si letu peke yetu. Marekani, kwenye redio ya miaka ya 1940, mtumishi mweusi aliyeitwa Beulah alichezwa na mwanaume mzungu, Marlin Hurt. Nusu ya kicheko cha watu waliokaa studio ilikuwa kugundua sauti ile inatoka kwa nani. Hattie McDaniel, mwanamke mweusi, aliupata uhusika huo mwaka 1947, Hurt akiwa ameshafariki. Mwaka 2013 Kenan Thompson wa Saturday Night Live alisema hatavaa tena magauni kucheza wanawake weusi. Wakati huo kipindi hakikuwa na mwigizaji mwanamke mweusi hata mmoja. Januari 2014 akaajiriwa Sasheer Zamata. Tazama mfuatano: mwanaume alipovua gauni, kiti kikaonekana kuwa kitupu, na mwenyewe akaitwa.

Basi sharti langu ni la hesabu. Kabla mwanaume hajavaa wigi kwenye kipindi chako, hesabu wanawake walioajiriwa kuigiza. Kama ni sifuri, wigi lirudi sandukuni. Kama wapo, hesabu mistari yao ya kuchekesha, na usiniletee mistari ya kulia, kuita "baba nanihii" na kuleta chai. Mwanaume mwenye gauni akiwa na mistari ishirini ya kuchekesha na wanawake wote wakiwa na miwili, umefanya wizi kwa mahesabu safi.

USIFUNGE UTANI KWA NGOZI, NYWELE AU MAKALIO

Huku kwetu karibu wote ni weusi, lakini watu wamepata namna ya kugawana weusi: huyu rangi ya mtume, yule mkaa. Mwandishi anayemaliza utani kwa "mweusi mpaka usiku anapotea" anauza mkorogo bila kulipwa na kiwanda. Acha. Acha pia kamera inayoshuka kutoka usoni kwenda kwenye msambwanda na kutulia huko huku sauti ya ngoma ikipigwa. Na acha kumfanya mwenye kipilipili kuwa mshamba na mwenye wigi refu kuwa malaya. Wanawake wa Kimasai wananyoa vichwa vyao na wanajiona wazuri bila kuomba ruhusa yako, na kwenye shule zetu nyingi msichana ananyolewa kwa amri. Kama unataka kucheka nywele, mcheke mwalimu wa zamu mwenye mkasi. Hapo una mtu mwenye mamlaka na chombo mkononi.

USIMWITE BEKI TATU

Mpe jina. Mpe na kijiji. Binti wa kazi ndani ya nyumba ya Njiro yenye geti na mbwa ndiye mtu anayejua zaidi kuliko wote mle ndani: nani hali chakula cha usiku na kwa nini, hela ya ada imekwenda wapi, mgeni wa Jumamosi ni nani hasa. Hakuna kiti kizuri zaidi cha kuangalia ujinga wa tajiri. Na wewe unamtumia kuvunja vikombe.

Wakenya walilitambua hili kabla yetu. Kwenye Papa Shirandula ya Citizen TV, Jacky Vike alimcheza Awinja, msichana wa kazi wa Kiluhya, mwenye ulimi uliowafanya wakubwa wamwogope. Baadaye ikaja Auntie Boss! ya NTV, kipindi kizima kikiwa upande wa wafanyakazi wa nyumbani wa mtaa wa matajiri. Nyce Wanjeri, aliyemcheza Shiru, akashinda tuzo ya AMVCA ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho mwaka 2018, mashindano ya Afrika nzima. Hawa walianza na lafudhi na ufagio uleule. Tofauti ni kwamba kamera ilisimama jikoni ikitazama sebuleni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhesabu binti huyu kuwa mfanyakazi, mwenye mkataba, mapumziko na likizo. Fikiria sehemu moja nzima ya kipindi ambamo binti ameisoma sheria hiyo kwenye simu usiku, na asubuhi anaomba kikao. Baba mwenye nyumba, ambaye kazini kwake ni ofisa rasilimali watu, anaanza kutokwa jasho. Hiyo nimekupa bure.

USIMGEUZE BIBI KUWA MCHAWI

Usifanye. Kwenye nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na macho yale ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Bibi anayetoka nyuma ya mgomba na muziki wa kutisha, macho yamepakwa rangi, anachekesha kwa sekunde tano na kumtia hatarini jirani wa mtu kwa miaka.

Na ni hasara kwako, maana bibi wa Meru ana hadithi kuliko wahusika wako wote. Bibi wa miaka themanini na kitu wa Ngarenanyuki alikuwa mtoto Novemba 1951, askari wa serikali ya kikoloni walipowatoa Wameru kwenye ardhi yao na kuchoma nyumba ili wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, akaenda kulisema jambo hilo Umoja wa Mataifa, New York. Mtu aliyekulia kwenye nyumba zilizokuwa zikizungumza mambo hayo hatishwi na ofisa ardhi mwenye miaka ishirini na nane na faili la plastiki. Mkalishe bibi huyo ofisini. Ofisa amwambie mtandao haufanyi kazi, arudi wiki ijayo. Bibi afungue kikapu, atoe chupa ya chai, kikombe, na loshoro kwenye kopo, aseme atausubiri huo mtandao hapohapo. Uchekeshaji unajiandika.

MAMBO AMBAYO HAYACHEKWI, NA UPANDE UNAORUHUSIWA

Kipigo cha mke si mwisho wa utani. Ukeketaji vilevile. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2015–16, mwanamke mmoja kati ya kumi nchini alikuwa amekeketwa. Mkoani Arusha ilikuwa asilimia 41. Maana yake, ukisimama jukwaani mjini Arusha na kuufanyia mzaha mwili huo, huenda wanne kati ya kila wanawake kumi waliolipa kiingilio unawagusa kidonda. Na sheria ya 1998 inaufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, kwa hiyo mama ngariba wako wa kuchekesha anatenda kosa mbele ya kamera.

Ila sitaki uniambie kwamba nimekufungia mada. Nimekufungia upande mmoja. Mcheke mzee wa miaka sitini anayekwenda kuposa binti wa darasa la saba akiwa amepaka nywele rangi nyeusi inayomchuruzikia sikioni. Mcheke baba anayehesabu ng'ombe ambao hawajafika. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Bungeni na kwingineko watu waliendelea kujiumauma miaka na miaka baadaye. Kujiumauma kwa wakubwa ni mali ghafi ya vichekesho, na hakuna binti anayeumia.

JIFUNZE KAZI YAKE KABLA YA KUMWANDIKIA

Nenda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, ufike alfajiri. Usiende na kamera. Kaa karibu na wauza ndizi, usikilize namna mama anavyopangua bei ya dalali bila kuinua sauti, akisifu shati lake, akiuliza habari za mkewe, mpaka dalali anajikuta ameongeza hela na kushukuru. Tazama ugomvi wa lumbesa, gunia lililotiwa kichwa mpaka haliwezi kushonwa, na mnunuzi anaapa ni gunia la kawaida. Mama wa maparachichi anajua uzito kwa kunyanyua kidogo upande mmoja. Anayejua mambo haya hawezi kuandika mwanamke wa sokoni anayedanganywa na kila mpita njia.

Nenda na Mnara wa Saa, ukakae na wauza shanga na batiki. Huyo uliyemwandika hajui hesabu anajua dola inabadilishwa kwa shilingi ngapi leo asubuhi, anajua euro, na ana Kihispania cha kuuzia bangili. Mtalii anapomwambia "last price" anacheka kabla yako.

Jumapili nenda usharika wowote wa KKKT kwenye miteremko, ukae mpaka baada ya ibada, kwenye mnada wa matoleo. Mkungu wa ndizi, jogoo, sahani ya mayai. Mke wa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kwaya ya akina mama wanapandishiana bei ya yai moja mpaka linapita bei ya kuku, wote wawili wanatabasamu kwa Yesu, na waume zao wamesimama nyuma wakishikilia mifuko ya suruali. Sijaona hata kikundi kimoja kilichouigiza mnada huo vizuri. Sielewi kwa nini.

Halafu kuna vikoba, na faini ya kuchelewa dakika tano inayotozwa na mweka hazina ambaye mwenyewe amechelewa. Kuna mikopo ya kausha damu, na maofisa wake wanaokuja kubeba televisheni ambayo familia ilikuwa inaitazamia kipindi chako. Kuna wanawake wanaopandisha wageni Mlima Meru, mita 4,566, mlima ambao kikundi hutembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Weka vijana watatu wa mjini wenye raba nyeupe nyuma ya askari mwanamke asiyependa maneno. Siku ya kwanza mpaka Miriakamba inatosha sehemu mbili.

MWEKE MWANAMKE MEZANI, AKIWA NA KALAMU

Kumwita mwigizaji wa kike siku ya kurekodi na kumuuliza "wewe ungesemaje hapa?" hakumfanyi mwandishi. Huo ni uchimbaji wa bure. Mwandishi anaingia tangu wazo, jina lake linaandikwa mwanzoni, na ana haki ya kukataa.

Wanawake waliobadilisha sura ya mwanamke mweusi kwenye vichekesho vya televisheni walianza kwa kuandika. Issa Rae aliweka msichana wake mwenye aibu YouTube mwaka 2011, kisha akapata Insecure, 2016 mpaka 2021. Michaela Coel, mzaliwa wa London wa wazazi Waghana, alitoa Chewing Gum kwenye mchezo wa jukwaani alioandika na kuucheza peke yake. Quinta Brunson aliibuni Abbott Elementary na kujiandikia mwalimu. Januari 2024, miaka kumi kamili baada ya Zamata kuajiriwa, akapewa Emmy ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho, na mweusi aliyemtangulia kwenye tuzo hiyo alikuwa Isabel Sanford, mwaka 1981. Jirani yetu Anne Kansiime wa Kabale, Uganda, alimchukua mwanamke mgomvi na kumpa sababu za kugombana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesubiri kuandikiwa.

Ukiniambia Arusha hakuna wanawake wanaoandika vichekesho, nitakuuliza umetafuta wapi. Anza na wanaoongoza sherehe za kumfunda mwali na wanaoshika kipaza sauti kwenye sendofu za Sakina. Wana dakika arobaini za vichekesho kila Jumamosi, na hadhira yao haijalewa bado.

USIMVIZIE MAMA WA WATU NA KAMERA

Vile vichekesho vya kumshtua mwanamke sokoni, kumwagia maji, kujifanya umeiba kikapu chake, halafu unasema "angalia kamera ile", vikome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata bila sheria: yule mama amekimbia mita hamsini akiwa amebeba mtoto mgongoni, na wewe umepata watazamaji. Omba ruhusa kabla. Akikataa, ondoka bila kumwambia hajui mambo ya kisasa.

IONYESHE NGARENARO KABLA YA KUIRUSHA

Tafuta kibanda umiza kimoja, lipa siku ambayo hakuna mpira, waalike akina mama wa mtaa, uwashe kipindi, ukae nyuma. Usitazame kioo, watazame wao. Kuna kicheko cha tumbo na kuna kicheko cha adabu, kile cha kufunika mdomo na kumtazama jirani. Cha pili kikitokea, andika dakika na sekunde. Kisha wape maikrofoni, na usijitetee. Watakuambia kikohozi kile si cha mtu mwenye pumu, Kimeru kile kimeharibiwa, na bibi harusi hawezi kuongea hivyo mbele ya mkwe wake wa kiume. Mmoja atakutania wewe, nywele zako au suruali yako, na wote wataangua kicheko. Acha kamera iendelee kurekodi hapo. Huenda ndiyo sehemu bora ya kazi yako nzima.

LIPA

Mwigizaji wa kike alipwe sawa na wa kiume mwenye mistari kama yake, na siku ileile. Mama aliyekurekebisha Kimaa alipwe kama mshauri, kwa risiti. Aliyekuazima boma, jiko au meza ya sokoni alipwe nusu kabla ya kushusha vyombo. Mshonaji wa shanga usimlipe kwa kupiga naye picha.